Karamu ya Taa

Palikuwa na Taa mmoja katika bahari ya baridi ya Ulaya, samaki mpana wa mwili na mwepesi wa kuamini. Rafiki yake alikuwa Shakwe, ndege asiyeweza kukaa na habari, aliyezunguka bandari za nchi zote akidoea matumbo ya samaki.

Siku moja Shakwe akatua majini. "Nimepita gati zote, kusini mpaka kaskazini," akasema. "Zamani taa na papa walishushwa kwa makreti yaliyofika darini. Mwaka huu hawajazi hata kreti moja."

"Basi wavuvi wametuonea huruma," Taa akasema. "Tumepona, ndugu yangu. Hili halipiti bila karamu."

Akaalika ukoo wote wa taa na wa papa, maana ni ndugu wa damu. Akafagia fungu zima la mchanga, akapanga masinia hamsini ya kaa na uduvi, kila sinia la watu sita kama ilivyo desturi yao. Akangoja tangu asubuhi.

Alasiri akaja Papa mmoja mzee, ana kovu la wavu shingoni, akaketi kwenye sinia la kwanza.

"Wenzako wako nyuma?" Taa akamuuliza.

"Nimetoka mbali, siku tatu naogelea," Papa akasema. "Sikupishana na mtu."

Taa akayatazama yale masinia mengine, hayajaguswa.

"Vipi, karamu imeanza?" Shakwe akauliza kutoka juu.

"Shuka tu ule," Taa akamjibu. "Haya ni matanga."