Nyonga ya Bi Mwanakheri

Siku hizi roboti huipanga nyonga ya bandia kulingana na maisha ya mgonjwa, na sheria inataka mienendo yake ipimwe kwa kifaa nyumbani mwezi mzima kabla ya upasuaji.

"Hukusujudu hata mara moja," Daktari Shembilu alimwambia Bi Mwanakheri. "Roboti itakuwekea nyonga ya mtu wa kukaa kitini."

"Maumivu ndiyo yaliyonikalisha kitini, mwanangu. Andika kusujudu. Andika na kukalia mbuzi nikikuna nazi."

Daktari akaandika.

Miezi mitatu baadaye Bi Mwanakheri alisujudu bila kuugulia, akakuna nazi huku akiimba. Mjukuu wake Raiya, aliyekaribia kuolewa, akamjia.

"Bibi, nifundishe kukata kiuno cha chakacha."

Bi Mwanakheri akajifunga kanga kiunoni, akasimama, akajaribu kukumbuka kama alimtajia daktari ngoma.