Mwisho Una Kelele

Bibi harusi alinifuata kwenye mashine zangu za muziki akiwa na flashi mkononi.

"Shemeji, tupigie huu tucheze. Mdogo wako alinitungia mimi."

"Huyo? Ameanza lini kutunga?"

"Acha wivu wewe!" Akacheka. "Ila amesema uukate kabla haujaisha. Mwisho una kelele."

Nikavaa hedfoni nikausikiliza kidogo. Sauti ilikuwa ya mdogo wangu. Gitaa lilikuwa langu, na chini yake kiti changu kilikuwa kinalia kwi, kwi, kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi. Ilikuwa demo ya gitaa tupu niliyomtumia zamani, pamoja na maneno ya wimbo, anipe maoni. Alinijibu, "Kaka, huu hauna kitu. Futa."

Maneno yote yalikuwa yangu. Alilitoa jina la mke wangu tu, akaweka la wake.

Nikaupiga. Walicheza katikati ya ukumbi, bibi harusi anafuta machozi, mama yetu anapiga vigelegele kama vile amezaa mtunzi.

Hiyo kelele ya mwisho naijua. Ni marehemu mke wangu, ananiita kutoka jikoni: "Baba Pacha, wimbo wangu umeisha? Njoo ule."

Ulipokaribia hapo, mdogo wangu alinitazama juu ya bega la mkewe, akapitisha kidole shingoni. Kata.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha sauti. Nikakisukuma mpaka juu.