Mwewe Asiyekuwemo Kitabuni

Mwewe alipita nyuma ya nyumba ya Bwana Mkubwa saa nne asubuhi, bila kibali.

Bwana Mkubwa, Mjerumani aliyetawala boma lile na Wagogo wote waliolizunguka, alikuwa barazani akichora ndege. Kila asubuhi aliwamwagia uwele juu ya ubao karibu na ua, nao kwelea wa vilima vyote waliitikia wito huo zaidi kuliko wapagazi walivyoitikia wake. Kivuli kikapita juu ya ua. Kufumba na kufumbua, hakubaki ndege hata mmoja.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Hata jogoo wa Bwana alikutwa hana mkia, ingawa mwenyewe alikuwa mzima na mwenye hasira.

Shamba la mama mmoja aliyeitwa Anyesi lilipakana na ua huo. Ndege walipomaliza uwele wa Bwana walihamia kwenye uwele wake, ambao ndio ungewalisha wanawe wanne hadi mavuno mengine. Alipoomba ubao uhamishwe, Bwana alijibu kwa kupiga marufuku makombeo, makelele na vibuyu vya kutishia ndege, maana wageni wake wenye mabawa walikuwa wakishtuka. Anyesi akabaki juu ya ulingo wake wa kulindia ndege na kamba tupu za vibuyu, zilizokatiza shamba hadi uani. Kamba haipigi kelele, kwa hiyo haikutajwa kwenye amri.

Sasa Bwana akafungua kitabu chake kinene cha ndege na kutangaza hukumu. Kama mwewe huyo ni wa kawaida, kesho atapigwa risasi. Kama hayumo kitabuni, atakuwa mali ya sayansi, na atakayemgusa atakula viboko ishirini na vitano.

Mashahidi wakaitwa. Athuman, askari, alisema ni kipanga tu, kwao Kondoa wamejaa. Mzee Matonya, mfugaji, alisema mwewe ni mwewe, kisha akauliza kama anaweza kurudi kwa ng'ombe wake. Bwana akaanza kusafisha bunduki.

Ndipo Anyesi aliposhuka ulingoni, akaja bila kuitwa, akapiga magoti.

"Bwana, huyu si wa kawaida. Mkiani ana mistari myeupe."

Bwana akapekua kurasa. Wa kitabuni, akasoma kwa sauti, wako wenye mistari miwili na wako wenye minne. Akamtazama Anyesi. Anyesi akafikiri kidogo.

"Wetu ana mitatu."

Athuman akacheka. "Mama, ninyi hata ng'ombe wenu mnaona mwiko kuwahesabu, leo umehesabu mkia unaoruka?"

"Kazi yako kutazama barabara, bwana askari. Mimi kutwa natazama juu."

Bwana hakuwasikia. Alikuwa ameshaanza barua ya kwenda Berlini. Bunduki ikarudishwa ndani, amri ikapigiliwa misumari mlangoni: mwewe asiguswe. Ila kesho saa nne, akasema, atakaa palepale barazani aihesabu mistari hiyo kwa macho yake.

Anyesi akashukuru, akarudi upesi kwenye tembe lake na kufunga mlango. Akamtungua ukutani mwewe wake wa matambara na manyoya ya jogoo, kitanzi cha kamba bado mgongoni, akampakata, akaanza kumshonea mstari wa tatu.