Hatua Sitini Kutoka Jiweni

Wanaume wawili walikuwa wamemkamata Mwenyekiti mikono, mmoja huku, mmoja huku, ili trekta lipate kupita.

"Mtamuua mdogo wangu," alisema.

"Tumuue sisi?" Mchinja nyama, aliyeshika mkono wa kulia, alicheka. "Wewe ndiye uliyemnyima ardhi, kaka. Sisi tumekuja kushangilia tu."

Mbele yao kulikuwa na ukanda wa ardhi nyeusi, majani yakifika kiunoni, umezungushiwa vigingi vyekundu. Katika shamba lote la familia hapakuwa na udongo kama ule, na jembe halikuwa limeugusa tangu Mwenyekiti arudi kutoka jeshini.

Huko jeshini alikuwa sajini, kazi yake kutafuta mabomu yaliyozikwa. Siku ya tatu baada ya kustaafu alilitembea shamba akichoma udongo kwa fimbo yake ya chuma, mpaka ikagonga kitu. Akachonga vigingi, akavipaka rangi, akavisimika. Vita vya zamani, alisema, vimesahau kitu pale chini.

Mwanzo watu walimshukuru, hata wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kijiji. Tangu hapo asubuhi yake ikawa ugomvi wa maji, mchana wake ugomvi wa mipaka ya wenzake. Misimu miwili hakuingia shambani. Alimwachia mdogo wake. Aliandika barua nne kwa jeshi waje kulitegua bomu. Hawakuja. Ndipo watu walipoanza kunong'ona, kisha wakachoka kunong'ona wakasema wazi: bomu gani? Mzee anajiwekea ardhi.

Wiki iliyopita, mbele ya mkutano, mdogo mtu alisimama. "Nitaulima kwa trekta. Nikipaa, zikeni kilichobaki. Nisipopaa, kaka arudishe mhuri wa kijiji, aache uenyekiti, na ukanda uwe wangu."

Mikono yote iliinuka. Hata wa mama yao.

Sasa trekta lilikuwa linanguruma upande wa barabarani, mdogo mtu juu yake, kofia kisogoni.

"Shemeji," mke wa mdogo mtu aliita, mikono kiunoni, "misimu miwili nalima kwa jembe mpaka kwenye vigingi vyako, mguu kwa mguu. Mbona sijaruka?"

Watu wakacheka.

"Hilo halina haja na mguu wako," Mwenyekiti alisema. "Linangoja chuma kizito. Liko karibu na vigingi vya upande wa nyumbani. Nilipima. Hatua sitini kutoka jiweni."

Jiwe lenyewe, kubwa kama ng'ombe aliyelala, lilikuwa nyuma ya jiko la mama.

Mdogo mtu alikohoa, akatia gia.

Trekta liliangusha vigingi viwili vya upande wa barabarani, likaingia. Watu wakaziba masikio. Mama alifumba macho, midomo ikimchezacheza. Majembe ya trekta yalipindua udongo ulionona kama mafuta. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Kufikia wa nane watu walikuwa wameondoa vidole masikioni. Mstari wa mwisho ulipita ubavuni kabisa mwa vigingi vya upande wa nyumbani, na kilicholipuka kilikuwa vigelegele.

"Muongo!"

"Miaka yote hiyo unatutisha kama watoto!"

Mchinja nyama alimwachia mkono kwa kuusukuma. Karani wa kijiji, aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi kwa kuinama, alinyoosha kiganja bila salamu. Mwenyekiti akautoa mhuri mfukoni, akauweka pale.

Mama alimsogelea. "Vita vyako ungevimalizia kambini, mwanangu. Umetuletea nyumbani." Kisha akampa mgongo, akaenda kwa mwanawe mdogo aliyekuwa amesimamisha trekta. Watu wakamnyanyua mama, wakamkalisha juu ya kikinga tope cha gurudumu kubwa kama bibi harusi, akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

Hakuna aliyemtazama tena mwanajeshi. Akaondoka peke yake, akipita ukingoni mwa shamba, mpaka kwenye jiwe. Aliweka kiganja juu yake. Labda akili ilimpotea kule, alifikiri. Watu wamerudi na mengi kichwani. Labda ile fimbo haikugonga kitu, na amemnyima mama yake mwenye njaa ardhi kwa ajili ya ndoto.

Akaupa mgongo ule ubavu wa jiwe, kama siku ile alipopima, akaanza kutembea. Moja. Mbili. Tatu. Mabua ya mahindi ya mdogo wake, yaliyovunwa juzi, yalivunjika chini ya viatu. Kwa mbali trekta lilinguruma upya. Mdogo mtu hakutaka kuzunguka barabarani. Alikuwa anampeleka mama nyumbani moja kwa moja, kukatiza shambani, watu wakikimbia nyuma wakiimba.

Hamsini na tano. Hamsini na sita.

Kwenye hatua ya sitini akasimama. Bado alikuwa katikati ya mahindi. Chini, kando ya kiatu, palikuwa na shimo dogo la mviringo lililoshindiliwa udongo, na ndani yake kipande cha mti kilichovunjikia humo, bado chekundu.

Akainua macho. Vigingi vyake vilisimama hatua ishirini mbele, vimenyooka vizuri, mstari mzima, mahali ambapo yeye hakuvisimika.

Akainua mikono yote miwili.

"Pisha njia, mstaafu!" mdogo mtu alipaza sauti, akicheka. Kisha akaona kaka yake amesimama wapi, na kicheko kikamkauka. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa limeshavipita vigingi.