Mgongo Kwenye Simu

Asubuhi moja, kwenye mchanga wa ufuo wa Bargara, mkono wa Barry ulisimama ghafla katikati ya mgongo wa mkewe. Miaka yote, kabla ya kuogelea, walipakana losheni ya kukinga jua, huyu mgongo wa yule. Siku hiyo Barry alifunika chupa kabla hajamaliza.

"Leo vaa shati," alisema.

"Shati baharini? Kwani mimi bibi harusi, nijifunike?" Glenda alicheka, akaingia majini na vazi lake la kuogelea.

Tangu hapo mkono ule haukurudi.

Badala yake Barry akawa hatoki kwa jirani yao, Noelene, ambaye mumewe, Trevor, walimzika baada ya Pasaka. Doa la begani liligeuka saratani, likamla hadi mapafuni. Naenda kurekebisha bomba, Barry alisema. Msiba ni msiba, Glenda aliwaza, lakini bomba gani hilo lisilopona?

"Ukapimwe ngozi, bibie," Barry alimwambia siku moja mezani.

"Nivue nguo, daktari kijana wa watu anichungulie? Thubutu! Mwenye hamu ya kuchungulia ni wewe."

Barry akainamia sahani yake. Mwenye hatia, Glenda alijua, haangalii mtu usoni.

Jumamosi Glenda akamfuata hadi kwa Noelene. Kupitia wavu wa mlango wa jikoni aliwaona wameinamia simu, vichwa vinakaribia kugusana. Noelene alikuwa akilia.

"Usimfiche tena Glenda," alisema. "Mwambie leo leo."

"Ataniua."

"Na nitakuua kweli!" Glenda aliingia, akampokonya simu.

Mgongo mtupu wa mwanamke. Mistari myeupe ya mikanda ya vazi la kuogelea, madoadoa ya jua, moja jeusi kuliko mengine yote. Amelala kifudifudi juu ya shuka za maua ya buluu. Shuka za Glenda.

"Kitandani kwangu! Noelene, kaburi la Trevor halijakauka!"

Noelene aligeuka, akashusha gauni mabegani. Mgongo wake ulikuwa mweupe kama maziwa, hauna hata kipele.

Glenda aliitazama tena picha. "Sasa huyu ni nani? Barry, mwanamke huyu ni nani?"

Barry alimshika mabega, akamgeuza taratibu, akaweka kidole katikati ya mgongo wake, pale pale mkono ulipokuwa umesimama.

Glenda alikubali kupimwa; upasuaji wa kuliondoa doa lile ni Jumatatu asubuhi.