Kioo cha Fundi

Tangu akatwe titi, fundi cherehani alikigeuza kioo cha wateja kikatazama ukuta. Aliyeuliza aliambiwa kimepasuka.

Leo alikuwa akimzungushia mteja mgeni futi kifuani, mkono ukasita. Upande mmoja wa gauni ulijazwa kitambaa kilichokunjwa na kubanwa kwa pini, kama wa blauzi ya fundi mwenyewe.

"Usishtuke, dada," mteja alisema. "Nilifanyiwa upasuaji."

"Sijashtuka. Kovu lako limekaaje?"

"Sijui. Mwenzio hata kuoga naoga nimefumba macho."

Fundi akaangua kicheko, cha kwanza tangu atoke hospitali. Akafunga mlango kwa komeo, akakigeuza kioo, akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake.

"Basi sogea," alisema. "Tuanze na langu. Hata mimi sijaliona."