Alama ya Dawa ya Mbu

Nella aliiona alama alipokuwa akifuta vumbi: duara jeusi lililoungua juu ya sanduku la kompyuta iliyoletwa kutengenezwa, pale mumewe alipozoea kuwasha dawa ya mbu, hata agombezwe vipi.

Akapitisha kidole juu yake, polepole, mzunguko mzima.

"Virusi vimeniua, dada," mteja akasema, akijipepea kwa kofia. "Niwekee hiyo programu ya Linux ya bure. Lakini picha za ndoa ya mutoto wangu zimo humo tu. Usizipoteze."

"Mashine nzuri, muzee. Uliinunua?"

"Apana! Niliiokota mutaa wa Musaga, siku ya mabomu. Mwenye nyumba alikimbia."

Mumewe hakukimbia. Nella alimkuta kizingitini, amelala kifudifudi, na meza ya sebuleni tupu. Picha zote za marehemu zilikuwa ndani ya mashine hiyo.

Akalifungua jalada la picha. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, bibi harusi asiyemjua alikuwa akimchekea.

Kazi yake siku zote ilianza kwa kunakili vitu vya mteja. CD tupu alikuwa nayo mkononi. Akairudisha kwenye droo, akaingiza ile ya Linux.

Swali likatokea kwenye skrini: diski yote ifutwe?

"Inauliza nini?" mzee akasema, akitafuta miwani mfukoni.

Nella akamsogezea kibodi kwa mikono miwili, kama anayemkaribisha mgeni chakula.

"Inauliza kama mwenye mashine amekubali. Finya hapa, muzee."